Bwawa Lililofunika Nyumba ya Shangazi

3 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mgongo umetulia. Mimi sijambo, ila vidole vimejaa wino. Huu mwaka wa mwisho wa usanifu kila mwanafunzi anabuni mtaa upya, kwenye karatasi tu. Nimechagua mtaa wetu ulionilea. Pokea nakala ya mchoro: bustani, njia ya baiskeli, bwawa. Mwalimu ameusifu. Wewe waonaje?

Mwanao

14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, tumeshazoeana. Mchoro nimeubandika juu ya cherehani na kila mteja anauulizia. Nilijitafuta kwa kidole: nikatoka barabara kuu, nikapita kwa kinyozi, nikaingia kichochoroni kwetu, nikatumbukia bwawani. Sijakasirika, nauliza tu: sisi tumehamia wapi? Na bwawa litajazwa na nini, ikiwa bomba letu hutoa maji mara mbili kwa wiki? Kinyozi naye anataka kujua kama bata watakuwepo.

Shangazi yako

20 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nafurahi kusikia mu wazima. Ule mchoro ni wazo tu. Kwenye wazo hakuna anayehamishwa.

Mwanao

1 Machi

Marahaba, mwanangu. Huku salama. Basi yaishe. Ila mimi sijawahi kukata kitambaa cha mtu ambaye sijampima.

Shangazi yako

9 Mei

Shikamoo Shangazi,

Habari za siku nyingi? Nisamehe ukimya. Barua yako ilininunisha wiki nzima. Halafu nikajiuliza kichochoro chetu kina upana gani, nikakosa jibu, mimi niliyekulia hapo. Naomba unipimie. Watu husimama wapi? Kivuli kinakuwa wapi, na saa ngapi?

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Marahaba, tu wazima. Mlangoni kwetu ni futi sita. Kwenye kona ya kinyozi ni nne na inchi tatu, ndiyo maana wenye mizigo wanapita kwa kujibana kama kaa. Kinyozi alinishikia ncha ya futi kamba huku akinicheka. Watoto wanacheza kushoto asubuhi, kulia jioni, wanafuata kivuli. Miaka thelathini nimewafokea bila kuliona hilo. Umeniambukiza, mwanangu. Juzi nilijikuta napima ngazi za benki, mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Shangazi yako

11 Julai

Shikamoo Shangazi,

U hali gani? Bwawa nimeliondoa. Nimepanua ile kona, nikaweka benchi kila upande, moja la asubuhi na moja la jioni. Wenzangu walileta minara. Mwalimu mmoja aliutazama mchoro wangu akasema, "Hapa sioni wazo, naona kona." Mwingine alichutama mbele ya mchoro muda mrefu, akauliza nimejuaje mambo ya kivuli. Nimefaulu, lakini kwa alama za chini, na sijui nifurahi au nilie. Hebu niambie, msanifu ungekuwa wewe, ungebadilisha nini nyumbani mwako?

Mwanao

2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Furahi kwanza, kulia kutasubiri.

Swali lako nilishinda nalo siku tatu. Siku ya nne nikachukua chaki ya kushonea, nikachora mraba ukutani, nyuma ya cherehani. Miaka yote hii, kila nikitaka kutunga uzi nasimama naenda mlangoni kutafuta mwanga. Nikamwita mwashi. Akauliza ramani iko wapi, nikamwonyesha ukuta. Akauliza nani kapima.

"Mimi," nikamwambia.

Jana alitoboa. Fremu ya dirisha bado, na vumbi limefika hadi kwenye chai. Nakuandikia nikiwa nimekaa papo hapo, mwanga mkononi, na tangu asubuhi watu watatu wameingiza vichwa kuuliza nauza nini. Njoo uone. Upande wa chini umepinda kidogo. Usinirekebishie.

Shangazi yako