Sinyatiri ya Mama kwenye Mlango wa Nyuma

Hewa Bora, Lubumbashi
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Papa wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Mko aje huko Sakania? Macho yako je, ukungu ni uleule, au ile dawa ya matone imesaidia kidogo? Na goti? Sisi hapa tu wazima. Mume wangu amepona malaria, watoto wanasoma, na mvua zimeanza, kwa hiyo vumbi la Hewa Bora limelala na sasa tunapigana na matope. Béa, wifi yangu, najua ni wewe unayemsomea Papa barua hii. Soma polepole na usiruke mahali, hata pale utakaposikia nakutaja.

Papa, naanza na kosa langu. Uliniambia nisipoteze muda kwa mambo ya asiransi, hiyo bima ya gari. Maneno yako nayakumbuka yote: "Asiransi iko karatasi ya kubandika pa kioo, ba polisi ya roulage basikusumbue pa barabara. Kamata ile ya bei ya chini." Sikukusikiliza. Nilichukua ile ya bei ya juu, karibu mara mbili ya ile nyingine, na nimekuficha miezi yote hii. Leo nakuambia kwa sababu nimeona jambo ambalo siwezi kulibeba peke yangu.

Siku hizi si kama wakati wako, kampuni ilipokuwa moja tu na mtu hana la kuchagua. Sasa ukifika katikati ya mji, ofisi za asiransi ziko hapa na pale, kila moja na bango lake. Nilianza na ile ya bei ya chini, kama ulivyosema. Kijana mwenye tai alinikaribisha vizuri, akaniambia, "Mama, kwetu leo unalipa, leo unabandika."

Nikamuuliza, "Na siku gari itagongwa, mutaitengeneza wapi?"

Alinitazama, akacheka. "Mama, weye unapanga kugongwa?"

Lakini gereji yao alinionyesha, nikaenda. Unakumbuka ile sumaku uliyoitoa kwenye spika ya zamani ya stesheni, ukanipa siku niliyoondoka na gari? Niliivika soksi ya mtoto isikwaruze rangi. Nje palikuwa na magari matatu yaliyokwisha kutengenezwa, yanang'aa hata unaweza kujitazama. Nikaweka sumaku kwenye boneti ya la kwanza, ikashika. Nikaisogeza pembeni, pale palipotengenezwa, ikaanguka mavumbini. Nikajaribu juu yake kidogo, ikaanguka tena. Chini ya ile rangi yote hakukuwa na chuma, Papa, ilikuwa mastiki tupu, ule uji wa kuzibia mashimo, waliyoipaka nene na kuisugua. Fundi mmoja akaniuliza, "Mama, unatafuta nini na soksi?" Nikamwambia nimeangusha hereni, nikaondoka.

Ofisi ya pili ndiyo ile ya bei ya juu. Pale nilimkuta mama mmoja wa Kikasai, Mama Nicole, ambaye hakunisifia kitu. Aliniambia tu, "Enda uone mwenyewe, kisha urudi." Nikaenda hadi gereji yao kule Kampemba, na huko nikamwona kwa mara ya kwanza Papa Kalenga, tolie wao, yaani fundi wa kunyoosha bodi. Alikuwa na nyundo ndogo ya mti. Mkono mmoja alikuwa ameuweka nyuma ya bati, mwingine unagonga, tok, tok, tok, na macho ameyafumba. Hakuna haraka, hakuna kelele. Nilipitisha sumaku kila mahali aliponiruhusu, ikashika kila mahali, hata pale aliponiambia palikuwa pamepasuka wazi. Nilisimama pale nusu saa nzima na sufuria za chakula cha wateja wangu zinapoa ndani ya gari. Nilikumbuka ulivyokuwa ukituhadithia mafundi wa reli wa wakati wa babu, nami nilidhani unaongeza chumvi. Nisamehe na hilo pia. Nilirudi mjini siku hiyohiyo, nikalipa.

Unajua kwa nini nilihangaika hivyo. Gari ikizeeka itazeeka, sikuwa na hofu nayo. Hofu yangu ilikuwa mlango wa nyuma wa kushoto. Béa, wewe uliolewa kwetu baada ya Mama kufariki, kwa hiyo Papa aniruhusu nikueleze. Mama hakukanyaga darasa hata siku moja. Siku ya ndoa yao kanisani Papa alisaini kitabu kwa ile kalamu yake ya kujivunia, naye Mama akachovya kidole gumba kwenye wino. Miaka yote Papa alimtania juu ya ile saini: "Sinyatiri yako bado nangojea." Kisha Papa akastaafu reli, akanunua hii gari nyeupe, na Mama, na uzee wake ule, akasema anataka kuendesha. Walifundishana kwenye uwanja wa stesheni. Siku ya tatu Mama alirudisha nyuma, akakata kona, na mlango ukabusu nguzo ya reli. Alishuka analia. Papa akapapasa lile bonyeo, akacheka mpaka akakaa chini. "Leo umesaini!" Toka siku ile ndilo jina lake kwetu, sinyatiri ya Mama. Hakuna fundi aliyeruhusiwa kuigusa.

Sasa Papa, kaa vizuri. Gari iligongwa. Mimi sikuumia, watoto hawakuwemo. Ni kibasi kilichonipita vibaya kwenye mzunguko, kikanigonga ubavuni, na sufuria ya matembele ikamwagika kiti kizima. Watu waliona yale mafuta mekundu ya mawese yananichuruzika, wakaanza kupiga kelele kwamba nimekufa. Mama mmoja alikuwa tayari ananiombea rozari. Nilipotoka mzima wakakasirika kidogo, nafikiri. Nikazunguka kuangalia: kibasi kilikuwa kimepiga mlango uleule. Bati lilikuwa limeingia ndani kuanzia chini, na mkunjo wake ulisimama upana wa kiganja kutoka kwenye sinyatiri ya Mama.

Mama Nicole hakunizungusha. Kesho yake alimleta ekspa, yule anayetumwa na kampuni kupima uharibifu, bwana mmoja mwembamba asiyeinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Alizunguka gari, akaandika, akasema, "Mama, furahi. Mulango yote tutatosha, tutaweka mupya."

Papa, kila mtu angeshangilia. Nimelipa zaidi ili nitengenezewe vizuri, na sasa vizuri vyenyewe vinakuja kung'oa mlango na kunichukulia kitu cha Mama. Niliwafuata ofisini, nikakaa.

Hapo ndipo ilipopigwa ile simu. Najua unaikumbuka, maana uliniuliza jioni nami nikakudanganya kwamba ni mambo ya karatasi tu na gari iko nzima. Sasa sikia upande wetu. Kitabu cha gari kina jina lako, kwa hiyo Mama Nicole alitakiwa kupata saini ya mwenye gari. Akakupigia, na simu aliiweka sauti ya juu ili ekspa asikie.

"Papa, yambo. Iko juu ya gari yenu, ule mulango ya nyuma. Tunaomba sinyatiri."

Na wewe ukanguruma mpaka wateja wakageuka: "Sinyatiri ya mulango ya nyuma? Ile haiko yangu, iko ya bibi yangu! Muntu asiiguse! Hakuna muntu ataitosha!"

Mama Nicole akaziba simu kwa kiganja, akaniambia kwa upole, "Kumbe mwenye gari iko mama. Basi mama akuje asaini yeye."

Nikasema, "Mama alishakufaka."

Kwenye simu wewe bado ulikuwa unaita, "Alo? Alo? Mumeelewa?" Mimi nikaanza kucheka, kisha cheko likageuka kilio, pale mbele ya watu wote, na hapo nikawaeleza kila kitu, jina lake Julienne, wino wa kidole gumba, nguzo ya reli, mpaka kucheka kwako. Ekspa aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alifunga faili yake, akasema, "Tuende kwa Papa Kalenga."

Hiki ndicho nilichotaka kukuandikia tangu mwanzo. Tulipofika hatukumwambia neno. Ekspa alitaka tu ajue kama bati linanyooka. Papa Kalenga alifuta mikono, akafumba macho, akaanza kupitisha kiganja juu ya mlango, kutoka chini kwenda juu, polepole sana. Akafika kwenye mkunjo wa kibasi, akapita. Akafika kwenye sinyatiri, akasimama. Akarudi. Akapita tena.

"Hapa kuko mapigo mbili," alisema. "Hii ya chini iko mupya. Hii ingine iko ya zamani, imeshatulia. Nani alipigaka hii?"

"Mama yangu."

"Alikuwa anarudi nyuma, anakata kushoto?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anaenda polepole. Alikuwa anaogopa." Kidole chake kikafuata ukingo wa bonyeo. "Na vile aligusa tu, akasimama palepale. Hakukokota."

Papa, hebu fikiria. Mtu huyu hajafika Sakania, hajamwona Mama hata kwenye picha, na alimsoma kwa kiganja: uoga wake, mguu wake kwenye breki, yule Mama wetu aliyekuwa akiomba radhi hata kwa kuku. Miaka yote hii nimeosha ule mlango kwa sabuni na sikujua kwamba uoga wake bado umo ndani ya bati. Nilitaka kupiga magoti, ila ekspa alikuwepo.

Ekspa alikuna kichwa. "Mulango mupya ni kazi ya siku moja. Ukisema unyooshe ya chini na uache ya juu, iko kazi ya siku ngapi?"

"Tano."

"Na miye nitaandika nini pa ripoti? Bakubwa bataniuliza juu ya nini tumetengeneza nusu."

Papa Kalenga alikuwa amekwisha kuchukua nyundo yake. "Andika vile iko," alisema.

Ekspa akafungua faili yake juu ya boneti. Kisha akaandika.

Nilikwenda kila siku, siku zote tano, nikitoka kugawa chakula. Kwanza Papa Kalenga alifunika sinyatiri kwa kitambaa na karatasi ya gundi, kama mtu anayefunga kidonda. Kisha akaanza kulirudisha bati la chini, kidogo kidogo, kwa nyundo ya mti na vidole. Alipokaribia ule ukingo wa juu aliacha nyundo kabisa, akasukuma kwa gumba peke yake kutoka ndani. Kila nilipouliza kama amechoka alijibu, "Bado inanisikilia." Siku ya mwisho akaondoa kitambaa. Rangi ya zamani ndani ya sinyatiri hakuigusa, hata ile alama ndogo ya kutu ya nguzo ipo. Kuizunguka, chuma ni laini. Nilitoa sumaku yako kwenye soksi nikaipitisha mlango mzima, mara tatu. Haikuanguka.

Nitakuja Sakania na gari wakati watoto watakapofunga shule. Nitaisimamisha mbele ya nyumba na sitasema neno. Wewe utatoka na mkono wako utatafuta wenyewe. Ukipagundua mahali pa kibasi kabla hujafika kwa Mama, nitakupikia kuku mzima, lakini najua kuku huyo hataliwa.

Msalimie kaka yangu mkubwa, mume wa Béa, na umwambie asimwambie mtu kwamba nililia ofisini. Msalimie shangazi anayeuza samaki karibu na stesheni, na jirani yetu mama wa kwaya aliyemfunga Mama kitambaa siku ya mwisho. Wajukuu wako wanakusalimu, mdogo anauliza kama bado unajua kupiga mluzi wa treni.

Béa, bado usikunje barua. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, ya kampuni, yenye muhuri. Ni ile ripoti, nao wanahitaji irudi ikiwa na saini ya mwenye gari. Msomee Papa ule mstari alioandika ekspa, kwa sauti: "Mlango wa nyuma kushoto: kutengenezwa wote, isipokuwa sinyatiri ya Mama Julienne, ambayo ibaki." Chini yake kuna nafasi tupu. Mpe ile kalamu yake, umshike mkono, umwonyeshe pa kuweka jina lake, karibu na la Mama.

Ni mimi binti yako,
Fébronie