Nta na Mafuta ya Alizeti

Jumapili, 2 Juni
Ester mke wangu amekufa. Presha. Tumemzika Ijumaa, Buigiri. Leo watu wamepungua. Nimechota maji, nimefagia uwanja. Chakula kipo. Hakipiti.

Jumatatu, 10 Juni
Nimerudi saiti kubeba zege. Kipupwe kimeanza, upepo mkavu, na saruji inakula ngozi. Mikono imepasuka, inatoka damu. Kila mwaka inapasuka, ila Ester alinipaka mafuta yake ya nta. Alipika mwenyewe. Kopo limeisha msibani, wakwe wote wamejipaka. Fundi mkuu kaona damu kwenye mpini wa sepetu. Kasema, "Mzee Yona, nenda nyumbani. Ngozi ikifunga uje." Kijana mdogo yule. Lakini kasema kweli. Nimekasirika hata hivyo. Sina kazi nyingine ninayoijua.

Jumanne, 11 Juni
Nimejaribu mafuta ya dukani. Yanawasha. Nanukia kama bibi harusi. Nimempa jirani.
Nitapika mwenyewe.

Alhamisi, 13 Juni
Nta nimepata sokoni Majengo, kwa mama muuza asali. Alizeti nimekamulisha mashineni, mafuta bado ya moto. Nimetia vyote kwenye sufuria, nikachochea kuni. Moshi. Yametoka meusi, chini kama mchanga. Nimemwaga. Hata kuku wamepita mbali.

Jumamosi, 15 Juni
Nimerudia. Nta nyingi, moto kidogo. Debora kaja, mdogo wake Ester. Kagonga kopo kwa kijiko. "Shemeji, haya mafuta au mshumaa? Nikuletee utambi?" Kacheka mpaka kakaa chini. Na mimi nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu msiba.
Kaniambia mafuta ya mashine yanaachwa kwanza kwenye ndoo, machicha yashuke. Na nta haikai motoni. Inakaa kwenye bakuli, bakuli linakaa kwenye maji yanayochemka. Kipimo hajui. Yeye ananunua dukani.

Alhamisi, 20 Juni
Mafuta yametulia. Juu yanang'aa, chini tope. Nimechota ya juu tu.
Kipimo nimekitafuta kama cha zege. Nta ndiyo saruji. Ikizidi, jiwe. Ikipungua, uji. Nadondosha tone kwenye sahani baridi, nabonyeza. Gumu. Naongeza mafuta. Bado gumu. Naongeza. Mwisho likakubali kidole, likayeyuka lenyewe.
Nyumba yote inanukia nta. Nimekaa jikoni mpaka maji yakapoa. Nimelia kidogo. Halafu nikajaza makopo.
Nimefurahi.

Jumatano, 26 Juni
Napaka asubuhi, napaka jioni. Nimelala na soksi mikononi. Kidole gumba bado kinauma. Vingine vimefunga. Nakula vizuri.

Jumapili, 30 Juni
Baada ya kanisa Debora kapita. Kajipaka, kanusa. "Ya dada yalikuwa laini kuliko haya."
"Ya dada yako yamekwisha. Haya ndiyo yaliyopo."
Kabeba kopo lake. Kabeba na la mama yake. Langu nimelificha.
Mchana nimechukua sepetu, nimehamisha lile lundo la mchanga la uani. Nimelirudisha pia, kuhakikisha. Mikono imekaza, haijapasuka. Nimempigia fundi mkuu, kasema nije.
Jioni tulivu. Upepo umekata. Viatu nimeviweka mlangoni.
Kesho narudi kazini.