Nafasi Ulikuwa Unaacha Ndani ya Odio

Mama Kavira,

Niko nakuandikia hapa Bweremana, nimeketi juu ya gunia ya makala ya kupikia. Mama yangu mwenye alinizaa iko muzima. Nilitaka ujue wa kwanza, juu ni wewe njo ulifanya nimupate.

Ngoja nianze vizuri, kama unavyopenda. Nyuma ya kukuzika kule Sake, vita ikashuka mpaka kwetu. Tulifunga butiki yako kwenye nilikuwa nakutumikia, tukakimbia na njia ya ziwa. Watoto wako wote wako salama, wanakusalimia. Telefone yako waliniachia mimi, juu mi njo nilikuwa naitengenezaka kila mara uliiangusha ndani ya mafuta ya mawese.

Unakumbuka odio zako, zile sauti ulikuwa unatuma na telefone? Kila siku ya Mungu, ukitoka misa, unawatumia aksanti mashofere wote wenye walikuletea mizigo. "Papa Kambale, habari ya nyumba?" Halafu unanyamaza, kidole iko inafinya telefone tu, unangoja. "Mungu asifiwe. Na mama watoto?" Unanyamaza tena. Mi nacheka mpaka naanguka. Nikakuambia, "Mama, haiko simu, hakusikie sasa." Ukaniangalia kama muntu mwenye hana akili. "Atasikia kesho. Sasa atajibu wapi kama sikumuachia nafasi?" Na mimi, mwenye kuandika "aks" tu, ulinigombeza: "Hii aksanti umeikata nusu, ingine umeuzisha wapi?"

Sasa sikiliza. Vita ilipofika Masisi, mama yangu alikuwa ku shamba kule juu. Akapotea. Watu wakasema wengine walikimbilia Walikale. Nikaandikia kila shofere mwenye iko ndani ya telefone yako, mbio mbio, unanijua: "Umeona mama wa Masisi, jina Nyota? Iko wapi? Jibu." Wanasoma, wananyamaza. Nikawakasirikia sana. Halafu, Mama, nikaelewa. Njo vile watu wa bunduki wanaulizaka. Jina, iko wapi, jibu. Nani angejibu?

Nikatuma odio kwa Papa Kambale. Nikamusalimia, nikanyamaza. Nikauliza habari ya mama watoto, nikanyamaza. Nikamushukuru juu ya bidon za mafuta ya mawese zenye alikuwa anakuletea toka Hombo, na ile matope yote ya barabara. Nikamuambia mi ni Bahati, ule wa butiki yako, na ya kwamba wewe hauko tena. Mwisho njo nikauliza mama yangu.

Jibu ikakuja chai yangu ingali moto. Alikuwa analia, Papa muzima vile. "We mutoto, kusoma ile maandiko ya kwanza, nilizania walimunyanganya Mama telefone. Hakuna muntu ingine anasalimiaka hivi. Mi nilikuwa nasikiliza odio zake nikiendesha kamio, namujibu palepale, musaidizi wangu anasema nimepata wazimu." Umesikia? Alikuwa anakujibu. Halafu akasema, "Mama yako iko kwangu Hombo. Nilimukuta ku barabara, miguu imevimba. Usiogope, anakula. Hata jana alimugombeza bibi yangu ati hajue kupika majani ya sombe."

Pale nikajua ni yeye kabisa.

Tangu ile siku naendelea na aksanti zako. Wengine hawakujua kama ulikufa. Shofere mumoja wa Walikale aliniambia tu, "Sasa nani atatuuliza kama tulilala?" Nikamuuliza kama alilala.

Kesho asubui napita Bukavu, nifike Hombo, nimutwale mama. Nakuahidi, aksanti ya Papa Kambale sitaituma kwa telefone. Nitaipeleka na miguu, nimukamate mikono yote mbili, jina lako mbele, langu nyuma, na sitaondoka mpaka amalize kuniambia habari ya watu wote wa nyumba yake.

Ulale muzuri, Mama Kavira.

Ni mimi, Bahati wako.