Baba Mdogo, Hukulala

Baba Mdogo, shikamoo.

Mama ameniambia uko Kagongwa, unabeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na injini ya mashine hiyo inaendeshwa na mtu mwingine. Yeye aliambiwa na mtu aliyekuona umejitwisha gunia, vumbi la pumba limekujaa hadi kwenye kope. Namba yako ya zamani haipatikani. Lakini hata ingepatikana ningeandika hivihivi, barua ambayo yeyote anaweza kuisoma, kwa sababu uongo ule ulisemwa mbele za watu. Ukweli wake hauwezi kwenda kwa siri ndani ya bahasha.

Nianze na lile gemu, maana hadi leo ninalichukia.

Ulilipata nilipomaliza darasa la saba, nikawa nashinda nawe machimboni Nyarugusu kusubiri majibu ya mtihani. Ulibadilishana redio yako na mfanyabiashara aliyekuwa anahama, akakupa mashine ya gemu yenye diski moja iliyokwama ndani, haitoki. Ukaiunganisha na televisheni ya chogo kwenye kibanda chako, pembeni ya karasha la Mama Kulwa, ambako ulikuwa fundi wa injini. Ile injini iliyozungusha karasha kusaga mawe ya dhahabu ndiyo iliyotuwashia televisheni, kupitia dinamo ndogo uliyoifunga kwa mikono yako.

Tulikuwa na gemu moja tu, na lilikuwa baya. Shujaa mwenye joho jekundu aliweza kunyanyua lori kwa mkono mmoja, lakini ukuta unaofika magotini ulimshinda. Ukibonyeza aruke, anapiga ngumi. Ukipigana na adui, picha inageuka yenyewe na kukuonyesha ukuta, unasikia tu unavyopigwa. Watu aliotakiwa kuwaokoa walikimbilia kwenye moto, na akiungua mmoja, unaanza upya.

"Ng'wanone, mwanangu, huyu si shujaa," ulisema. "Huyu amelogwa."

"Baba Mdogo, bonyeza ile nyingine!"

"Nimezibonyeza zote! Hata ya kuzimia nimebonyeza."

Tulicheka sana. Nakumbuka pengo lako la jino la mbele, na jinsi ulivyoishika padi kwa vidole vyenye grisi, taratibu, kama umeshika yai.

Lakini ubaya wake mkubwa ulikuwa mwingine. Halikuhifadhi kitu mpaka umalize hatua nzima, na hatua moja ilichukua zaidi ya saa. Halafu halikusimama. Ukibonyeza kitufe cha kusimamisha, linaganda, na kazi yote inapotea. Watu walioliunda sidhani kama walikaa hata siku moja wakalicheza. Sidhani kama waliwahi kufikiri kwamba mtu anayecheza anaweza kuitwa, au kutumwa maji.

Siku ile ya Jumamosi wachimbaji walikuwa wamekwenda kula. Karasha lilikuwa limefunguliwa mkanda, injini inanguruma taratibu. Watu wengine wakaja kukuita ukatengeneze pampu kwenye shimo lililojaa maji. Ulisimama mlangoni ukifuta mikono.

"Tangi la maji ya kupozea injini linavuja, unajua. Kila nusu saa ndoo moja. Usisahau."

"Sitasahau, Baba Mdogo."

"Na Mama Kulwa akija, wewe umeniletea chakula tu. Watoto hawatakiwi hapa."

Nilimimina ndoo ya kwanza tangini. Kisha nikafika kwa lile jitu la chuma juu ya daraja, mahali ambapo mimi na wewe tulikuwa tumeshindwa wiki tatu. Uhai wa jitu ulibaki kipande kidogo, na sikuweza kusimamisha. Hapo ndipo nilipoisikia injini ikibadilisha sauti. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ikikauka inaanza kukohoa kwa ndani, kama mtu anayejizuia kanisani. Niliisikia, Baba Mdogo. Miaka yote hii nimejiambia kwamba nilipitiwa, na si kweli. Niliisikia nikasema moyoni, ngumi tatu tu.

Nilipiga mbili. Skrini ikawa nyeusi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulitukana gemu. Nilidhani limeganda tena. Nililitukana kwa sauti, ndani ya ukimya, na ilinichukua muda kuelewa ule ukimya unatoka wapi.

Ulirudi ukikimbia, ukaigusa injini ukaungua kiganja. Hukunigombeza. Ulinitazama mara moja ukasema, "Nenda kasimame kule kwa akina mama wanaotwanga mawe." Nikaenda. Mama Kulwa alipokuja, watu walikuwa wamekwisha kujaa.

"Imenoki, imekufa kabisa," alisema. "Nani alikuwa na injini?"

"Mimi, mama."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Nilipitiwa na usingizi."

"Mchana kweupe? Fundi mzima?"

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mtandikieni godoro!" Wakacheka. Jioni ulikuwa umekwisha kufukuzwa kazi, na kesho yake tayari ulikuwa na jina: Usingizi. Wewe, uliyeweza kusikia mkanda unaolegea ukiwa unaoga ng'ambo ya mto! Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka hapo, mikono yangu mitupu, mdomo wangu mzima, nisiseme neno.

Nitakuambia jambo ambalo mtoto hapaswi kumwambia mkubwa. Nimekukasirikia. Walimu wangu hapa Shinyanga wananisifu kwa kusema kweli, na kila wakinisifu naona kama wananipiga. Ulidhani unanikinga. Najua pia ulikuwa unajikinga, kwa sababu kumwachia mtoto injini ni kosa kubwa kuliko kusinzia. Lakini uliondoka Jumatatu alfajiri bila kuniaga, na mzigo ukaniachia mimi. Kila likizo nasikia mtu anamwambia mwenzake anayechelewa kazini, "Usiwe kama Usingizi." Hakuna aliyekupa injini tena, si Nyarugusu wala machimbo ya jirani. Jina lilikutangulia kila ulikokwenda.

Likizo ya Juni nilikwenda kwa Mama Kulwa. Sasa niko kidato cha tatu, hakunitambua mara moja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akiangalia mawe yanavyomiminwa.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba. We si mtoto wa kwa Usingizi?"

"Ndiye mimi. Na hakulala."

Nikamweleza yote: gemu, ndoo, ngumi tatu. Niliongea kwa nguvu maana karasha lilikuwa linasaga, na nilipomaliza niligundua wafanyakazi wawili wameacha sepetu zao wanasikiliza. Mama Kulwa hakunitazama.

"Umekaa nalo muda wote huu?"

"Ndiyo, mama."

"Ningejua, ningemfukuza vilevile. Mtoto kwenye injini! Ungekatwa mkono ningesema nini kwa mama yako?"

Nilianza kuondoka nikilia, maana nilikuwa nimejidanganya kwamba ukweli ukisemwa kila kitu kinarudi mahali pake. Ndipo nikamsikia nyuma yangu akiwapigia kelele watu wake juu ya mlio wa mashine:

"Nyie! Yule fundi hakulala! Nisisikie tena mtu anamwita jina lile hapa kwangu!"

Ni hilo tu nililolipata. Hakusema urudi. Injini mpya ina fundi wake.

Kwa hiyo sikuombi urudi Nyarugusu. Ninaomba jambo dogo zaidi. Siku ambayo mwendesha mashine wa hapo Kagongwa hatafika, weka gunia chini, useme wewe ni fundi. Wakikuuliza habari za injini iliyokufa kwa Mama Kulwa, usiwaambie tena kwamba ulisinzia. Waambie iliachwa ikauke na mtoto wa kaka yako, aliyesikia na hakuinuka. Wakibisha, waonyeshe barua hii. Nimeandika jina langu wazi ili walisome.

Kaa salama, Baba Mdogo, na upumzishe mgongo wako.

Mwanao,
Minza