Taa za Sebuleni Ulizoziacha kwenye Laini Yako

Baba,

Shikamoo. Nimeandika kwa mazoea tu, maana sijui huko mnaitikiaje, na nikisema ningoje marahaba yako nitapasuka moyo. Ni mimi, Kulwa wako. Ni asubuhi, niko sebuleni kwenye kochi lako, na Mama bado amelala. Mama kulala mpaka jua liingie dirishani, wewe mwenyewe unajua haijawahi kutokea humu ndani. Nimemfunika shuka nikatoka kwa kunyata. Nimechoka, Baba. Nimechoka mpaka nimeona nikuandikie wewe, kwa sababu waliobaki hai wote wananipa ushauri.

Tangu tukuzike, kitu cha kwanza kutuvamia kilikuwa simu. Si za pole, hizo ziliisha mapema. Za wateja. Walinipigia mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa nakushikia ngazi. Unaijua tabia yako: ukimaliza kufunga taa za mkanda kwenye dari la jipsamu la mtu, ile programu ya kuziongoza unaifungulia akaunti kwa namba yako, kwenye simu yako. Nilikuuliza kwa nini, ukanijibu, "Tajiri akisahau neno la siri atanisumbua mimi, bora nikae nalo mwenyewe." Kila fundi hapa Kahama anafanya hivyo hivyo, na hakuna anayewaza kwamba fundi naye hufa. Pikipiki iliyokuwa inakupeleka kwa mteja Katoro ikagongana na lori, na simu yako ikapotelea majanini pamoja na taa za nyumba zote ulizowahi kufunga.

Mama mmoja wa duka la mchele alinipigia karibu kulia, taa za chumbani kwake zimeganda kwenye nyekundu na mumewe hataki kuingia. Yule mnunuzi wa dhahabu wa Katoro, uliyembembeleza achague rangi moja iliyotulia akakataa, akataka zicheze zote, zikawa zinamchezea mchana kutwa na hajui pa kuzizuia mpaka azime swichi kubwa ya nyumba. Ulisema nyumba yake ni baa isiyo na leseni. Nilikumbuka hilo nikiwa kwenye basi nikacheka peke yangu, jirani yangu akavuta mkoba wake karibu.

Hao niliwamaliza. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikabonyeza kile kitufe kidogo cha kontrola, kiboksi kinachoziongoza taa, na kukishikilia mpaka taa zikaanza kupepesa, kumbukumbu yote ikafutika, nikawafungulia upya kwa simu zao wenyewe. Kazi nyepesi. Nabonyeza, na wewe unatoka kwenye nyumba ya mtu. Kila niliposhuka kwenye ngazi nilikaa chini papo hapo, wateja wakidhani nina njaa, wananiletea chai. Nilikunywa. Lakini nilikuwa najua kuna nyumba moja sitaiweza, na ni hii yetu.

Ratiba uliyoiweka hapa imekaa ndani ya kontrola yenyewe. Haikuhitaji simu yako, wala haikujua kama umekufa. Jua likizama tu, taa za dari zinaanza kupanda polepole, kwanza hafifu, kisha ile rangi ya asali uliyoitafuta jioni nzima huku unaniuliza, "Hii? Au hii?" Muda wa kulala ukifika zinashuka hivyo hivyo mpaka zinazima. Hakuna anayegusa swichi.

Na Mama alikuwa hajakulilia, Baba. Sijui kama uliona. Siku ya mazishi kule Kagongwa alisimama macho makavu, wanawake wa kanisani wakanong'onezana kwamba ana moyo mgumu. Tuliporudi mjini akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha kona. Taa zikapanda. Akainua uso, akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Mwadila, Baba Kulwa." Salamu ileile ya jioni ya Kisukuma aliyokuwa anakupa ukiingia mlangoni na begi lako la vifaa.

Nikadhani ni uchungu, utapita. Haukupita. Akaanza kukupakulia. Ugali na mlenda, anafunika sahani, anaiweka mezani mahali pako, asubuhi anawamwagia kuku. Umeme ukikatika magharibi anatoka kusimama getini, anasema leo umechelewa. Taa zikishuka anasema haya, tukalale, na analala upande wake wa kitanda, wako ameuachia nafasi. Nikimwambia twende tukaone kaburi, ananijibu nikaone nini huko, mwenye nyumba si yupo?

Unajua inavyouma kumzika baba, halafu unamwona mama naye anaondoka huku anakoroga uji? Nilikuwa naogopa kurudi nyumbani. Nilikuwa nakaa stendi nanunua karanga nisizozitaka ili tu magharibi inikute nje. Nilikukasirikia sana. Nilikuwa naitazama dari nasema moyoni, Baba, ondoka basi, unamuua huyu mwanamke. Kisha taa zinapanda, rangi ya asali, na mimi mwenyewe nafurahi kwamba umefika.

Doto alikuja kutoka kwenye mashimo yake ya dhahabu Mwakitolyo, udongo bado kwenye kucha, akakaa jioni moja tu. Alipoiona sahani yako alisimama akasema analibomoa dari lote sasa hivi. Mama hakupandisha hata sauti. "Bomoa," akamwambia, "ukimaliza unibomoe na mimi." Doto akaondoka bila kuaga, na simu zangu akaacha kuzipokea. Pacha wangu, Baba. Nikamkosa na yeye kwa ajili ya taa.

Halafu sebule ikaanza kunuka plastiki inayoungua.

Nitakulaumu kidogo, unisamehe. Kwa watu ulikuwa mkali kweli. Sebule kubwa, ulikuwa unasema, chukua za volti ishirini na nne, hizi za kumi na mbili zinachoka kabla ya kuumaliza ukuta. Jikoni na bafuni chukua zilizovishwa plastiki. Na usinunue kwa kuangalia boksi, ziwashe palepale dukani, uweke mkono wako chini yake uone kama ngozi inabaki ngozi au inakuwa ya maiti. Hilo neno natamani usingelisema, maana nilipokuona mochwari ndilo lililonijia kichwani, na chumba kile kilikuwa na taa zile zile mbaya ulizokuwa unazikataa.

Lakini kwetu ulifunga nini? Mabaki. Kipande cha saluni, kipande cha nyumba ya daktari, zote volti kumi na mbili, ukaziunga kwa risasi ya kuchomelea, umeme ukauingiza upande mmoja tu kwa sababu waya ulikuwa umekuishia. Nilikuambia kona ya mwisho itakuwa na mwanga wa kufa. Ukasema utarekebisha wiki ijayo. Wiki yako ijayo, Baba, humu ndani tunaijua wote. Kona ikabaki na mwanga mchovu, na Mama akahamishia kiti chake palepale, akasema angalau huku macho yake yanapumzika. Ukajisifu kwamba uliipanga hivyo.

Mzigo wote huo ulikuwa unapita kwenye kontrola moja ndogo, miaka yote. Nilipopanda kuangalia, nilikuta imejikunja kwa moto, na jipsamu ya juu yake imekuwa kahawia. Nikashuka nikamwambia Mama nyumba itaungua tukiwa ndani. Aliendelea kuchambua mchele. "Basi mwambie baba yako arekebishe," akasema.

Nilitaka nikuhamishe mzima mzima. Naapa. Niingie kwenye akaunti yako, niichukue ratiba kama ilivyo na ile rangi kama ilivyo, niziweke kwenye kontrola mpya, Mama asijue kitu. Ila ili niingie, namba ya siri inatumwa kwenye laini yako. Nikachukua cheti chako cha kifo nikaenda wanakosajili laini, wanirudishie yako. Binti wa pale alikuwa na adabu, akaniambia, "Dada, mwenye laini aje mwenyewe aweke kidole." Nikamwonyesha cheti. Akakisoma, akaitazama mashine yake, akanitazama mimi. Akasema pole dada, mashine inataka kidole, la sivyo kuna taratibu za mirathi na zitachukua muda wake. Vidole vyako, Baba. Kile cha shahada chenye alama ya kuungua. Nilikaa kwenye kizingiti cha duka la watu nikalia kwa sauti, wapita njia wakidhani nimeibiwa.

Muda wa taratibu sikuwa nao, nyumba inanuka moshi. Nikaamua kukuiga. Jioni kadhaa nilikaa chini ya dari na mkanda mpya kwenye mapaja yangu, naushusha na kuupandisha kwa simu mpaka rangi yake ikafanana na ya juu. Jana Mama alipokwenda kliniki ya presha nikasimamisha ngazi, nikashusha kila kitu chako. Nilikitoa kwa mikono miwili nikakilaza juu ya kanga. Nikafunga za volti ishirini na nne, roli moja zima lisilo na kiraka, chini yake nikapitisha reli ya alumini zisipate joto, umeme nikauingiza pande zote mbili. Kontrola kubwa, yenye nafasi ya kupumua. Ratiba ileile. Kazi safi, Baba, ungetafuta kasoro mpaka ukasirike.

Mama akarudi, akapika, akafunika sahani. Akaketi. Jua likazama na taa zikapanda polepole, vilevile kabisa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Akainua uso, mdomo ukafunguka aseme mwadila. Salamu haikutoka. Akaitazama mikono yake mapajani, kila mshipa unaonekana, kwa sababu kona yake ilikuwa inang'aa kama sebule yote.

"Huyo siye," akasema.

Nikamwambia ni yuleyule, Mama, nimefuta vumbi tu. Hata hakubishana. Alinyanyuka akaichukua sahani yako, akaifunua, akanisogezea mezani upande wangu, akasema, "Kula wewe." Kisha akarudi kukaa na kuitazama ile kona. Sijawahi kuona uso wa mtu ukimwagika namna ile. Nikaingiwa na wazimu, Baba, sina neno jingine. Nikavuta ngazi, nikapanda na koleo, nikate ule waya wa pili, kona ife tena, nimrudishie mume wake. Nilikuwa nimeushika waya tayari, natukana, nalia, sioni.

Ngazi ikatulia. Nikatazama chini. Mama ameishika kwa mikono miwili.

"Shuka, mwanangu," akasema. "Baba yako amekufa."

Ni mara ya kwanza nimesikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Akalisema tena, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu. Halafu akaniambia nizime. Nikazima. Akakaa sakafuni chini ya ngazi akaanza kulia, Baba, kilio kile cha kwetu cha kijijini, anakuita kwa majina yako yote, hata lile la jeshini alilokuwa anakutania nalo. Majirani wakaja mbio wakauliza kama kuna msiba. Nikawaambia ndiyo, upo. Wakaingia, wakavua viatu, wakaketi chini pamoja naye. Nikampigia Doto, akapokea. Nilimsogezea Mama simu ili Doto asikie. Naye akaanza kulia.

Sasa uko mbali kweli. Jana asubuhi nilikuwa nina baba anayefika kila jioni, leo sina, na aliyekutoa ni mimi kwa bisibisi yangu. Sijui kama nimefanya vizuri. Mama amelala, lakini amelala kama mtu aliyepigwa. Nikimsikia akigeuka naogopa atakavyoamka. Dari nimeliacha bila taa na kontrola nimeitoa. Akitaka mwanga tena atachagua rangi mwenyewe, na asipotaka kabisa tutawasha balbu ya ukumbini tule.

Kabla ya kusinzia aliniuliza kama nyasi zimeota juu yako. Nikasema sijui. Akasema nitafute jembe.

Kwa hiyo nakuaga, Baba, maana mpaka jana sikuwa nimekuaga. Nenda. Usirudi tena jioni, tutajitahidi. Jumapili tukitoka ibadani nitamleta Mama hapo Kagongwa, na Doto amesema atatukuta. Tutapalilia, kisha mimi na Doto tutasogea pembeni tuwaache wewe na Mama. Nakuahidi kitu kimoja: akianza kulia, sitamnyamazisha.

Mwanao,
Kulwa