Ghorofa Yangu Inaongeza, Yake Inakataa

...na huyo kijana niliyekuambia ananiletea karanga pale kwenye ngazi, Senge, shangazi yangu, ndiye niliyeolewa naye. Barasa. Ulikuwa umeanza kuniuliza, "Na meno yake je?" pumzi ikakukatika, ukaomba maji, na hatukuwahi kumaliza. Meno yake ni mazuri. Ana mwanya mbele, na akicheka, mwanya huo unanimaliza kabisa.

Laiti ungeiona harusi yetu! Vumbi la barabara ya Navakholo liliingia hadi kwenye keki na hakuna aliyejali. Kiti chako tulikiacha wazi, nikaweka leso yako ya kahawia juu yake asije mtu akakikalia. Dada ya baba ndiye humketisha bibi harusi akamweleza ya ndani ya ndoa. Mimi sikuwa na wa kuniketisha. Mama alijaribu, akashikwa na aibu, akasema mengine nitayajua mbele kwa mbele.

Sasa niko huko mbele, na naogopa. Nina mimba, Senge.

Nitakuambia vizuri, lakini lazima nianze na kazi, kwa sababu hukuwahi kuielewa. Uliwaambia majirani nafanya "kazi ya Wamarekani," wakadhani nachimba dhahabu. Ni kompyuta tu, mjini Kakamega, kwenye jumba lile lenye ngazi mbovu. Kule Amerika mtu hulipia bima kila mwezi. Akiugua, hospitali inapeleka madai kwa bima, na kila ugonjwa na kila tiba ina namba yake. Namba nzito inalipa zaidi. Sisi wa ghorofa ya juu tunafanyia hospitali. Nasoma alichoandika daktari, nachagua namba. Maandishi yakiruhusu namba mbili, hakuna anayeniambia chagua nzito. Lakini bonasi yangu inafuata uzito, basi mkono unajiendea wenyewe. Na hospitali nazo zinaandika bei kubwa mno, kwa sababu zinajua bima itakata.

Barasa yuko ghorofa ya chini, kampuni nyingine kabisa, inayofanyia bima. Bima imeshachukua pesa za watu, kwa hivyo kila siku isipolipa, pesa inakaa kwake. Na yeye hakuna anayemwambia kataa. Ila faili akiikubali, lazima aandike maelezo marefu na kungoja msimamizi aidhinishe. Akikataa, maneno yako tayari, anabofya tu: tiba haikuwa ya lazima. Na bonasi yake inahesabiwa kwa faili anazomaliza. Wagonjwa wengi wakikataliwa huchoka, hawakati rufaa. Hilo linajulikana, na limewekwa kwenye hesabu.

Tulikuwa tukicheka sana juu ya hayo. Wenzetu walituita Bwana Hapana na Bibi Ongeza. Siku ya harusi mmoja alipiga kelele kutoka nyuma ya hema, "Mkizaa, mtoto aitwe Rufaa!" Baba hakuelewa lakini alicheka kuliko wote. Na nyumbani nikisema nimechoka, Barasa alikuwa akinikonyeza, "Ghorofa ya juu mnajua kukuza mambo." Nilikuwa namrushia mto. Senge, nilikuwa na raha! Bado ninayo. Asubuhi namtazama akivaa soksi na moyo unapiga kama ninamwona mara ya kwanza.

Halafu miguu yangu ikaanza kuvimba.

Unaijua miguu hiyo. Ulikaa nayo wewe mwenyewe mlangoni pako, ukaifunika kwa leso, na mtu akiuliza unasema ni joto. Mimi niliiona. Nilikuambia twende hospitali, ukasema, "Ngoja pesa ya miwa iingie." Ikaingia, Senge. Ikanunua sukari na majani ya chai ya matanga yako.

Basi na mimi nilifanya nini? Nikachukua leso yako ileile nikaifunika miguu. Kichwa kiliuma, nikanyamaza. Sikuogopa ugonjwa peke yake. Nilimwogopa mume wangu, mtu ambaye hajawahi hata kuniinulia sauti. Nilijiambia: huyu analipwa kutowaamini wagonjwa, na mimi nalipwa kukuza magonjwa yao. Nikifungua mdomo, atasikia nini? Atamsikia mkewe, au atasikia ghorofa ya juu?

Jumapili baada ya kanisa nikashindwa. Alikuwa ananiwekea chai, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti yake ile ya kupotea njia. Nikasema, "Barasa, kichwa kinaniuma na miguu imevimba. Nataka hospitali leo."

Akaweka birika chini. Akaniuliza, polepole, "Imeanza lini? Umejaribu kupumzika kwanza? Nani amesema ni lazima iwe leo?"

Senge! Hayo ni maswali ya kompyuta yake. Yanakuja kwa mpangilio huohuo, nimewahi kumwona akiyajibu kwa kubofya. Nilimtazama mume wangu ninayempenda na sikumwona. Niliona ule mlango wako, na wewe umekaa, na jua linazama kwenye miwa.

Nikalia. Sikulia kwa adabu. Nikamwambia, "Sikuzi! Sikuzi kitu! Njoo uone mwenyewe!" nikaivuta leso.

Akapiga magoti. Akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki palepale. Alilitazama shimo hilo mpaka nikaogopa zaidi. Akasema, "Nafula, nimekuuliza maswali ya kazi." Viatu vyangu havikuingia tena, basi akavua ndala zake, akanivisha, akatoka pekupeku kutafuta gari. Mwanaume wa kwenda kanisani na tai, pekupeku barabarani! Hata katika hofu ile nilimpenda nikahisi nitapasuka.

Muuguzi alipima presha, akapima tena mkono wa pili. Akaniuliza, "Mama, ulikuwa unangoja nini?" Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nangoja kuaminiwa?

Alisema ningechelewa kidogo, kingekuwa kifafa cha mimba. Wakanilaza, wakaniruhusu baadaye na dawa. Kila wiki narudi kupimwa. Nikiona vimulimuli machoni au kichwa kikizidi, niende saa hiyohiyo. Kwa hivyo sasa naishi nikiyachunguza macho yangu. Kipepeo akipita dirishani, nashtuka. Mtoto akitulia kidogo, namgusa mpaka apige teke. Barasa naye anaamka kabla yangu kunibonyeza mguu, halafu anajifanya ananikanda.

Na amebadilika kazini. Anasoma kila faili mpaka mwisho sasa, na faili zake zimepungua. Msimamizi amemtania mbele ya wote, "Barasa, umekuja kusoma riwaya?" Naogopa na hilo pia. Wakimwachisha kazi, tutanunua dawa kwa pesa gani? Na mimi je? Jana nilipata maandishi ya namba mbili, nikachagua nyepesi, halafu nikatazama nyuma kama mwizi. Sijui kama nitachagua hivyo kesho.

Jambo linalonikosesha raha hata Barasa akiwa ananishika mkono ni hili. Huko Amerika kuna mwanamke ana miguu kama yangu. Faili yake itafika kwenye meza fulani, mbele ya mtu aliyechoka, si mbaya, ana mke nyumbani pengine, na kukataa ni rahisi kuliko kukubali. Mimi nilikuwa na mtu wa kupiga magoti aone. Yeye ana nani?

Sina jibu, Senge. Nilidhani ungekuwa nalo, au walau ungenifokea ukaniambia nile.

Basi pumzika. Nimekusamehe kungoja kwako, na unisamehe nilivyoanza kukufuata. Usinitayarishie nafasi huko, tafadhali, hata kama una upweke. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kaburini kwako, muuguzi amesema naweza tukienda kwa gari taratibu. Nitamleta Barasa umwone huo mwanya. Nitarudisha leso yako, nitaitandika nyasini na kukaa juu yake, miguu yangu ikiwa nje, wazi, uitazame utakavyo.

Mimi wako,
Nafula