Gari Lililotufungisha Milango

Mama,

Kaa kwanza. Mimi niliambiwa haya nikiwa nimesimama, nikaanguka mbele za watu, kwa hiyo wewe kaa.

Yale maji yalijulikana kuwa yanakuja.

Tangu tukuzike nimekuwa nikisema kama walivyosema wote msibani: mvua ilinyesha huko juu, kijito kikafurika ghafla, ukuta wa nyuma wa nyumba yako ukalowa na kukuangukia. Ghafla. Neno hilo nimelala nalo misimu miwili ya mvua, na lilinisaidia. Mchungaji alisema Mungu akichukua hatoi taarifa, nami nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Kumbe serikali ilikuwa imeitoa.

Ngoja nikueleze polepole, maana hata mimi bado sijatulia. Mwezi uliopita kamati ya wakimbizi ya kambi ya Dzaleka ilinipigia simu. Kuna ofisi ya serikali pale City Centre ambayo kazi yake ni kuangalia mvua, mito na miti ya nchi hii ya Malawi, ijue mapema wapi patafurika na wapi patakauka. Walitaka kuongea na watu wa safu yetu ya nyumba hapa Area 25, wale wa karibu na kijito, na walihitaji mtu wa kutafsiri Kiswahili na Kichewa. Nikavaa gauni la kitenge ulilonishonea, lile ambalo kola yake uliikata mara mbili ukiulaumu mkasi, nikaenda na Mama Divine. Wewe uligawana naye ukuta mmoja miaka yote ile, na yeye ndiye aliyetoka mzima siku ile. Mimi nilikuwa Dzaleka kwenye foleni ya kuhesabiwa, unakumbuka, na mvua ikanizuia kurudi.

Ofisini tulipokewa na mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, wote wanamwita Madamu. Akatandaza ramani mezani. Ungecheka, Mama. Ule ubao wa rangi nyeupe na nyekundu pale darajani, ule ambao wewe ulisema ni alama ya kutubomolea nyumba, ni kipimo cha maji! Kuna mtu anausoma asubuhi na jioni, na mvua ikizidi anausoma kila saa. Kuna na ubao mwingine kule juu kijito kinakotoka. Kwenye uwanja wa shule kuna kopo la chuma la kupokea mvua. Na kutoka angani wanapata picha za mawingu na za miti, wanaona kilima gani kimebaki upara kwa sababu ya kuchoma makaa, maana kilima kisicho na miti hakishiki maji, kinayaachilia yote kwa mkupuo. Wakishakusanya hayo yote wanaipaka ramani rangi. Safu yetu ilikuwa nyekundu. Nikauliza ni tangu lini. Madamu akasema ilikuwa hivyo kabla ya mvua zile kuanza.

Wewe uliyekimbia milima ya Bukavu, uliyeona ardhi ikiteremka na nyumba za watu, ulikuwa ukitutuliza kila mvua: "Huku hakuna mulima. Nini itatuangukia?" Nami nilikuamini. Nani asingekuamini, nchi yenyewe tambarare kama meza.

Kisha Madamu akaeleza siku yenyewe. Maji yalipopita alama kule juu, walituma gari lenye vipaza sauti. Lilizunguka Area 25 alasiri nzima likiwaambia watu wahame, waende shuleni kwenye mwinuko. Safu za Wamalawi zilitoka na magodoro kichwani. Safu yetu hakutoka mtu. Ofisi yake imejiuliza jambo hilo tangu siku ile, akasema. Je, gari halikufika? Je, hatujui Kichewa? Au hatujali?

Nikamtafsiria Mama Divine. Akasema, "Gari ilifika. Ni ile gari njo ilitufungisha milango."

Nikatafsiri: gari hilo ndilo lililotufanya tufunge milango. Ndiyo kazi niliyoitiwa.

Unajua yaliyofuata kuliko mimi, lakini mimi nilikuwa nikiyasikia kwa mara ya kwanza na kuyasema kwa mdomo wangu mwenyewe. Mlisikia kipaza sauti kwa mbali. Hamkungoja neno hata moja. Mlikumbuka mwaka ule wa lori la polisi, lililokuja na kipaza sauti vilevile, likapakia wote wasio na kibali cha kukaa nje ya kambi na kuwarudisha Dzaleka, wewe na Mama Divine mkajificha chini ya meza yako ya kukatia nguo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ukagonga ukuta: "Mufunge! Muzime na radio! Banakuya kutupakiza mu lori!" Mama Divine akagonga ukuta wa pili, wa pili akagonga wa tatu, hadi mwisho wa safu. Mama, taarifa yako ilifika kila nyumba. Ya serikali, na ramani zake zote, haikuingia hata moja.

Kisha akaja yule mayi jirani, mama wa Kimalawi anayekaanga mandasi. Aliacha watoto wake njiani, akarudi kuwagongea. "Odi! Odi! Madzi! Tulukani!" Maji, tokeni. Mama Divine anasema alinyanyuka kwenda kufungua, na wewe ukamnong'oneza kupitia ufa wa ukuta: "Nyamaza. Banamutuma huyu mama ili tufungue." Akakaa tena. Maji yalipoingia chini ya mlango yeye alipita dirishani, akakuita. Ukuta ukaanguka.

Yote hayo niliyatafsiri nikisema "yule jirani". Sikusema "mama yangu". Sauti yangu ilikuwa sawasawa, hata mimi niliishangaa. Madamu akauliza, na huyo jirani yuko wapi sasa? Nami, mjinga mimi, nikamgeukia Mama Divine nikamtafsiria swali. Alinyoosha mkono akaishika kola ya gauni langu. Hapo ndipo nilipoanguka.

Nilikukasirikia, Mama. Sitakudanganya wakati uko huko. Ulifunga mlango usipelekwe Dzaleka, na Dzaleka ndiko tulikokupeleka kukuzika, nyuma ya pikapu ya kukodi, mvua inatunyeshea. Wiki nzima nilikuwa nikishona huku nagombana na wewe. Ungefungua kidogo tu. Ungesikiliza neno moja tu! Kichewa ulikijua, ulikuwa ukipatana bei ya nyanya kwa Kichewa hadi wauzaji wakaomba msamaha.

Madamu akanitafuta tena. Alitaka gari liseme Kiswahili, kwa sauti ya mtu ambaye safu nzima inamjua. Na huyo mtu atoe jina lake, simu yake na nyumba anayokaa, ili maji yakipita alama apigiwe wa kwanza. Jina langu, Mama, kwenye karatasi ya serikali, na nyumba ya Area 25, mimi nisiye na kibali, watoto wangu wanasoma shule ya hapahapa. Mama Divine alinifinya mkono hadi ukaacha alama: "We, usitoe jina. Utatupakizisha sisi bote." Madamu akasema ofisi yake haishughuliki na vibali. Nikamuuliza, na ofisi nyingine? Akasema hizo hawezi kuziapia. Kwa sababu ya jibu hilo nikamwamini. Nikatoa jina, simu na nyumba.

Tukarekodi. Nilisema hivi: "Ni miye Riziki, mutoto ya Mama Riziki ya kushona. Hii haiko polisi, ni maji. Mufungue, mutoke." Walinirudisha mara kadhaa kwa sababu nilikuwa nikikwama kwenye jina lako.

Sasa sikiliza kilichotokea Alhamisi. Walikuja kulijaribu gari bila kutuambia saa, kwa makusudi. Nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja. Nikasikia kipaza sauti kwa mbali. Mama, sikufikiri chochote. Pasi niliiacha juu ya nguo, nikafunga mlango, nikatia komeo, nikamshika mtoto mdomo asilie. Nilikuwa nimechuchumaa sakafuni, ndipo nikatambua ile sauti. Ilikuwa yangu. Naambiwa na mimi mwenyewe nifungue, na mkono bado uko kwenye komeo, hautaki kutoka.

Sijawahi kuogopa namna ile, na nilichokiogopa ni mimi. Hasira yote niliyokuwa nayo juu yako iliishia pale sakafuni, pamoja na suruali ya watu iliyoungua. Nisamehe. Hukuwa mkaidi. Miili yetu ilishafundishwa, na haikungoja kutuuliza.

Nikafungua. Safu yote ilikuwa kimya, milango imefungwa, hata kuku hawaonekani, na gari limesimama katikati likirudia jina lako. Dereva akanitazama kama anayeuliza, sasa? Nikamwomba azime. Nikatembea mbele ya gari kwa miguu, nikawa nawaita mmoja mmoja kwa mdomo: Mama Divine, ni mi. Papa Josué, ni mi, ona sura yangu. Mama Divine alifungua. Papa Josué akachungulia. Si wote, Mama, nisikudanganye. Lakini walifungua.

Madamu amekubali. Mvua za mwaka huu zikianza, simu ikilia, gari litakuja nyuma na mimi nitatangulia kwa miguu. Na kama siku moja jina langu lile litaleta lori, basi nitapanda, lakini watu watakuwa wametoka kwenye maji.

Pumzika sasa, Mama. Hakuna wa kukupakia tena popote. Pale palipokuwa nyumba yako wamejenga upya, kwa matofali mabichi yaleyale, na wamehamia watu wageni kutoka Uvira, mke, mume na kichanga. Gari likipita wanafunga, nimewaona. Jana niliwapelekea chai nikawaambia jina langu, nikawaambia na lako. Siku ya maji nitaanza na mlango wao.

Mwanao,
Riziki